Kilomita zinazopotea njiani kabla gari halijafika Wagenia

Mwezi Aprili 2025, Tume ya Ulaya mjini Brussels ilitoa pendekezo kuhusu ukaguzi wa magari. Ndani yake kuna jambo moja dogo lenye uzito: kila nchi ya Umoja wa Ulaya iwe na daftari la kitaifa la kilomita, na garaji zipeleke humo namba inayosomeka kwenye gari linapotengenezwa. Lengo ni kuwabana wanaorudisha nyuma kilomita ili gari lililochoka liuzwe kama gari ambalo bado lina nguvu.

Kwa mtu wa Kisangani habari hiyo inaweza kuonekana ya mbali. Si ya mbali. Gari ambalo Ulaya au Japani imelichoka halizikwi huko, linapakiwa melini. Shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia mazingira, UNEP, lilihesabu kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo milioni 14 yaliyokwisha tumiwa yaliuzwa nje kutoka Ulaya, Marekani na Japani, na Afrika ndiyo iliyopokea sehemu kubwa kuliko wote, karibu asilimia 40. Baadhi yanaingia Kongo kwa mlango wa magharibi, bandari ya Matadi. Mengine yanaingia kwa mlango wa mashariki, kutoka Mombasa au Dar es Salaam. Machache kati yake yanafika hadi kwetu.

Na kufika kwetu si mchezo. Maporomoko ya Boyoma yako 7, yamepangana kutoka Ubundu kushuka hadi Kisangani, na lile la Wagenia ndilo la mwisho. Pale ndipo mto unapozikatalia meli kuendelea. Kwa sababu hiyo Wabelgiji walijenga reli ya kilomita 125 kwenda Ubundu, ikaanza kazi 1906, na kwa sababu hiyo Kisangani ikawa mji wa kupakua na kupakia. Kitu kinachofika hapa kimepita mikono mingi. Gari nalo limepita mikono mingi, na katika kila mkono kulikuwa na namba moja mbele ya dereva ambayo mtu angeweza kuipunguza, kuisimamisha au kuirudisha sifuri. Mafundi wanaiita kompteri. Mnunuzi anaitazama kabla hata ya kufungua boneti, lakini carte rose anayopewa haiitaji.

Swali la gari la babu

Tuanze na upande ambao watu wengi wanaupuuza: magari ya zamani yanayofufuliwa. Tuchukue mfano wa kufikirika. Mtu anayekaa karibu na Wagenia ameachiwa na babu yake Land Rover ya miaka ya 1970. Ilikaa chini ya mwembe miaka mingi. Sasa ameamua kuiamsha: injini imefunguliwa yote, giaboksi imepata meno mapya, mabati yaliyoliwa na kutu yamekatwa na kuungwa upya, nyaya zote zimebadilishwa. Gari linatoka kwa fundi linang'aa. Kwenye kompteri imeandikwa 47,312. Fundi anauliza: tuiache hivyo au tuirudishe sifuri?

Kabla ya kujibu, ni lazima kujua namba hiyo inasema nini. Katika magari ya aina hiyo kompteri ni chombo cha mashine tupu, bila umeme. Waya mmoja unaozunguka ndani ya mrija unatoka kwenye giaboksi hadi nyuma ya saa ya mwendo, na unazungusha vigurudumu vidogo vyenye tarakimu. Kompteri nyingi za zamani zilikuwa na tarakimu 5 tu za kilomita. Zikifika 99,999, zinaanza tena 00000. Kwa hiyo 47,312 inaweza kuwa 147,312. Inaweza pia kuwa 247,312. Chombo chenyewe hakina kumbukumbu ya mizunguko.

Si hilo tu. Waya huo ukikatika, na kwenye barabara zetu unakatika, gari linaendelea kutembea huku kompteri imelala. Kuna wenye magari waliokaa miaka bila kuutengeneza, kwa kuwa gari linatembea vizuri bila waya huo. Ukiweka pine zenye kipenyo kilichozidi zile za kiwandani kwa asilimia 10, ili gari lisikwame kwenye tope, likitembea kilomita 110 kompteri itaandika 100. Na pale saa yote ya mwendo ilipoharibika, fundi alichukua nyingine kutoka gari bovu lililokuwa uani, akaifunga. Tangu siku hiyo Land Rover ya babu inasimulia maisha ya gari lingine.

Kwa hiyo anayesema "namba ya zamani ni ukweli, msiiguse" anaitetea namba ambayo pengine ilikwisha kuacha kusema kweli kabla yeye hajazaliwa. Anayesema "kila kitu ni kipya, tuanze sifuri" naye ana lake. Kwa injini iliyofunguliwa yote, sifuri ni msaada: fundi atajua lini abadilishe oili, lini atazame valvu, lini akaze boliti za kichwa. Sifuri ya aina hiyo ni kama tarehe ya kuanza kazi.

Tatizo linaanza siku gari linapouzwa. Mnunuzi anaona 3,000 kwenye kompteri. Hajui kama ni kilomita 3,000 tangu kutengenezwa upya, kama ni mwanzo wa mzunguko wa tatu, au kama ni ujanja. Shasi haikubadilishwa. Ekseli huenda zilisafishwa na kupakwa rangi tu. Fundi aliyejua yote hayo amehamia Buta au amefariki. Kosa halikuwa kugusa kompteri. Kosa ni kwamba siku ilipoguswa hakuna aliyeandika.

Marekani ililitambua hilo zamani. Sheria yao ya 1972 inakataza kurudisha nyuma kilomita kwa nia ya kudanganya, lakini haikatazi kutengeneza kompteri wala kuibadilisha. Inasema hivi: ukitengeneza na ikiwezekana, acha namba ileile. Isipowezekana, weka sifuri, kisha bandika karatasi kwenye fremu ya mlango wa kushoto ikionyesha kilomita zilizokuwapo kabla ya kazi na tarehe ya kazi. Kuibandua karatasi hiyo kwa nia ya kudanganya nako ni kosa. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoundwa 1966, nalo lina mkataba wake unaojulikana kwa jina la Turin, ambao unawataka wenye magari hayo waandike kila kazi inayofanywa juu ya gari, ili atakayekuja baadaye atofautishe cha asili na kilichoongezwa.

Mtu anaweza kusema hayo ni mambo ya matajiri wenye magari ya maonyesho. Ni kweli kwamba soko la magari ya kale liko zaidi Nairobi kuliko hapa. Kule, mashindano ya Concours d'Elegance kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong yalianza 1970, na mbio za East African Safari Classic Rally, zinazotumia magari ya enzi zile, zinafanyika tangu 2003. Magari ya mbio hizo hufunguliwa na kufungwa upya mara nyingi kiasi kwamba kuuliza kilomita zake ni kupoteza muda. Mnunuzi mwenye akili anaomba daftari la kazi zilizofanywa.

Lakini wazo lenyewe si la kigeni. Tazama miti mirefu ambayo Wagenia wanaisimika kwenye mawe katikati ya maporomoko ili kuning'iniza migono yao mikubwa ya kuvulia samaki. Mti ukioza unabadilishwa. Maji makubwa yakichukua mitatu, inasimikwa mitatu mingine. Kamba hazidumu. Hakuna anayedai kwamba mti uliosimama leo ni uleule aliouona mzungu wa kwanza, na hakuna anayesema kwamba mtego huo ni mpya kwa sababu miti ni mipya. Kila mtu anajua ni sehemu ya familia gani, na nani aliirekebisha mara ya mwisho. Ujuzi huo unakaa kwenye vichwa vya watu wanaoishi pamoja. Gari linauzwa kwa mtu asiyekujua, anayekaa Isiro au Bunia. Kwa gari, kichwa cha mtu hakitoshi.

Mpakani kilomita zinakufa

Sasa tutoke kwa babu, twende kwa magari ya kila siku, maana huko ndiko pesa nyingi zinakopotelea.

Katika magari ya leo namba haikai tena kwenye vigurudumu. Imehifadhiwa kwenye kumbukumbu ya kielektroniki, na kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye soketi iliyo chini ya usukani kinaweza kuibadilisha kwa dakika chache. Hakuna alama ya bisibisi wala tarakimu iliyokaa upande. Mwaka 2018 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio juu ya jambo hili, likitaja makadirio kwamba kilomita zimechezewa katika asilimia 5 hadi 12 ya magari yanayouzwa ndani ya nchi moja, na asilimia 30 hadi 50 ya yale yanayouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine.

Tofauti hiyo ndiyo habari yenyewe. Mwizi wa kilomita hapendi gari ambalo jirani anaijua historia yake. Anasubiri mpaka. Gari likivuka, daftari linabaki nyuma na namba inabaki peke yake, bila shahidi.

Ubelgiji, nchi ambayo magari yake tunayaona sana Kongo, imeonyesha kwamba dawa ipo. Kwa sheria ya Juni 2004, iliyoanza kutumika kikamilifu Desemba 2006, kila garaji inayogusa gari inalazimika kutuma kilomita zake kwenye shirika liitwalo Car-Pass, na anayeuza gari lililotumika lazima ampe mnunuzi hati inayoonyesha kilomita hizo pamoja na tarehe, mwaka hadi mwaka. Ukirudisha nyuma, hati inakuumbua. Japani nayo inaandika kilomita kwenye cheti cha ukaguzi wa gari. Maana yake ni kwamba magari mengi tunayonunua yalizaliwa katika nchi zenye kumbukumbu. Kumbukumbu hizo zinafia njiani.

Na sisi tunauliza nini mpakani? Tunauliza umri. Amri ya serikali ya mwaka 2012, wakati Matata Ponyo akiwa waziri mkuu, iliweka kikomo cha miaka 10 kwa magari madogo yanayoingizwa nchini. Kenya ina kikomo cha miaka 8. Uganda tangu 2018 inakataa yaliyozidi miaka 15. Kongo imekuwa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, na bado kila nchi ina mstari wake. Mzozo wa usukani wa kulia na wa kushoto umechukua miaka ya matamko kutoka Kinshasa. Hayo yote yana sababu zake, lakini umri si kazi. Gari la miaka 9 lililokuwa la mwalimu mstaafu na gari la miaka 5 lililokuwa teksi usiku na mchana si kitu kimoja. Kinachoweza kuyatofautisha ni kilomita, na kilomita ndizo tunazoziacha mikononi mwa muuzaji.

Hapa Kisangani tuna bahati moja ya ajabu: njia zetu zenyewe zinaweza kumsaidia mnunuzi kufanya hesabu. Gari lililotoka Mombasa kwa magurudumu yake, likapita Kampala, likavuka Kasindi, likafika Beni na kushika barabara ya kitaifa namba 4 hadi hapa, limetembea zaidi ya kilomita 2,000 tangu lishuke melini. Kipande cha Beni hadi Kisangani peke yake ni karibu kilomita 700. Kwa hiyo kompteri yake lazima izidi namba iliyo kwenye karatasi za Japani kwa kiasi hicho. Ikiwa inalingana nazo, au iko chini, muuzaji ana swali la kujibu. Anaweza kusema lilibebwa juu ya lori; basi aonyeshe karatasi ya mbebaji.

Gari la mlango wa magharibi lina hesabu tofauti. Kutoka Matadi hadi Kinshasa ni kilomita 350 hivi kwa barabara. Baada ya hapo linapanda boti na kulala juu ya mto kwa zaidi ya kilomita 1,700 bila kompteri kusogea hata tarakimu moja. Gari hilo likifika na maelfu ya kilomita zaidi ya karatasi zake, kuna mtu alilitumia Kinshasa kabla ya kulipakia. Si dhambi, ila bei ya "halijagusa ardhi ya Kongo" haiwezi kuwa bei yake.

Hata kompteri ya mkweli ina mipaka. Kilomita 100 za lami Nairobi si kilomita 100 za tope kati ya Bafwasende na Nia-Nia. Gari likikwama, magurudumu yanazunguka papo hapo na kompteri inahesabu safari ambayo haikufanyika. Likitembea kwa gia ya kwanza saa nzima, injini inafanya kazi kubwa na kompteri inaandika kilomita chache. Wenye baleinière za mtoni wanaelewa haya vizuri, maana mota zao wanazipima kwa saa za kazi.

Kinachoumiza si bei tu

Watu wengi wanadhani hasara ya kilomita za uongo ni dola mia kadhaa zilizozidi kwenye bei. Ingekuwa hivyo tu, tungelaumu ujinga wa mnunuzi na kuendelea.

Tazama taa moja ndogo iliyoandikwa T-BELT kwenye Toyota nyingi za dizeli za miaka ya 1990 na 2000, zile tunazozipenda kwa barabara zetu. Inahusu mkanda unaounganisha mzunguko wa injini na valvu zake. Taa hiyo inawaka kompteri inapofika kilomita 100,000 au 150,000, kulingana na soko ambalo gari lilitengenezewa. Mkanda wenyewe hauonekani, umefunikwa. Ukikatika gari likiwa mwendoni, injini inazima papo hapo, na mara nyingi inavunjika ndani. Sasa fikiria kompteri imerudishwa kutoka 190,000 hadi 80,000. Taa itakaa kimya. Dereva ataamini kwamba bado ana kilomita 20,000 za amani, huku mkanda wake ulipaswa kutupwa zamani.

Injini ikizima katikati ya Makiso, utasukuma gari na watu watakucheka. Ikizima kwenye barabara ya kitaifa namba 4 kati ya Beni na Mambasa, hadithi ni nyingine. Kwenye maeneo hayo ADF wamechoma magari na kuua wasafiri, na sehemu za barabara kati ya Komanda na Luna zimepitwa kwa misafara inayosindikizwa na wanajeshi. Msafara haumsubiri aliyekatikiwa na mkanda. Tangu M23 ilipochukua Bunagana Juni 2022, kisha Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, njia za mashariki zimepungua, na Kasindi imebaki mlango mkubwa wa bidhaa za Uganda zinazokuja upande wetu. Magari mengi yaliyochoka, barabara moja, hatari moja.

Kuna pia dereva asiye na gari lake. Anatumia gari la mtu na kila jioni anampa mwenye gari versement waliyokubaliana. Gari likiharibika mapema kuliko ilivyotarajiwa, mwenye gari anasema dereva ameliua. Dereva anasema alilipokea limekufa. Kama siku ya kukabidhiana wangeandika kilomita na hali ya gari, ugomvi huo ungekuwa mfupi. Ni hivyohivyo kwa pikipiki, ambazo waya wa kompteri yake hukatika haraka zaidi, na wakati mwingine hukatwa makusudi ili mwenye mali asijue imetembea wapi.

Karatasi na mahakama

Je, sheria yetu inamlinda aliyedanganywa? Kwenye kitabu, ndiyo. Kifungu cha 98 cha Kanuni ya Adhabu ya Kongo kinaadhibu utapeli kwa kifungo cha miezi 3 hadi miaka 5. Amri ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, ambayo bado ndiyo msingi wa sheria zetu za mauziano, inaruhusu kuvunja mkataba uliopatikana kwa hila, na inamfanya muuzaji awajibike kwa kasoro zilizofichwa. Sheria ya barabarani ya Agosti 1978 nayo ipo.

Ila mlalamikaji lazima athibitishe. Atathibitisha vipi kwamba kilomita zilikuwa 190,000 ikiwa mkataba wa mauzo unataja aina ya gari, rangi, namba ya shasi, bei na majina ya mashahidi, basi? Muuzaji atasema namba aliyoiuza ndiyo aliyoikuta. Huenda anasema kweli: inaweza kuwa ilirudishwa Dubai, au Kampala, na yeye pia aliliwa.

Mji huu unajua vizuri gharama ya kukosa karatasi. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Februari 2022 kwamba Uganda ilipe Kongo dola milioni 325, kati yake milioni 40 kwa mali zilizoharibiwa, vita vya siku 6 vya Juni 2000 hapa Kisangani vikiwa sehemu ya kesi hiyo. Majaji walitoa kiasi cha jumla kwa sababu ushahidi walioletewa haukutosha kuhesabu hasara moja moja. Watu waliopoteza nyumba na magari walijua walichopoteza. Hawakuwa na mahali palipoandikwa. Silinganishi uchungu huo na kompteri ya Toyota. Nataja tu kwamba katika mji ambao umeona mahakama ikikwama kwa kukosa hati, kuacha mstari mmoja kwenye mkataba wa gari ni uzembe ambao hatuna haki nao.

Kwa upande wa serikali, sioni haja ya kuunda ofisi nyingine. Ofisi ziko za kutosha, na raia anachoka kulipa kila dirisha. OCC, iliyoanzishwa 1974 kama OZAC, inakagua bidhaa zinazoingia. DGDA inalitoza gari ushuru kwa namba ya shasi. Tarakimu 6 za kilomita zikiongezwa kwenye fomu ambayo tayari inajazwa Kasindi au Matadi, na nakala ikatolewa kwa mnunuzi bila ada mpya, gari lingeanza maisha yake ya Kongo likiwa na shahidi mmoja. Hofu yangu ni moja: mstari mpya kwenye fomu unaweza kugeuka kuwa bei mpya ya kimyakimya mpakani. Bila nakala ya bure mkononi mwa mwenye gari, afadhali usiwepo.

Mafundi hawahitaji kusubiri Kinshasa. Anayefufua gari la kale anaweza kuandika kwa rangi au kuchora kwenye kibati kidogo ndani ya mlango: kilomita zilizokuwapo, siku kompteri iliporudishwa sifuri, injini ilifunguliwa au la, jina la garaji. Wengine watasema kibati hicho kitapunguza bei. Kwa mnunuzi asiyejua kitu, labda. Kwa anayejua, Land Rover ya miaka 50 yenye kompteri ya 3,000 na kibati kinachoeleza kwa nini ina thamani kuliko ile yenye 3,000 na tabasamu la muuzaji.

Na wewe unayekwenda kutazama gari wiki hii, acha kompteri iwe kitu cha mwisho. Tazama mpira wa pedali ya breki: ukiwa umelika hadi chuma, gari hilo halikutembea kilomita 60,000. Ukiwa mpya kabisa kwenye gari la zamani, uliza kwa nini ulibadilishwa. Kaa kwenye kiti cha dereva, kisha kaa kwenye cha abiria, usikie tofauti. Inua mlango wa dereva uone kama bawaba zake zinacheza. Vuta mkanda wa usalama hadi mwisho utazame kingo zake. Soma tarakimu 4 za tarehe ubavuni mwa pine, mbili za wiki na mbili za mwaka; gari la kilomita 20,000 halina sababu ya kuwa limebadilishiwa pine mara mbili.

Kama limetoka Japani, fungua mlango wa dereva na boneti, tafuta karatasi ndogo iliyobandikwa na garaji ya kule walipobadilisha oili au mkanda. Huandikwa tarehe na kilomita za siku hiyo. Mara nyingine bado ipo, kwa sababu aliyerudisha kompteri aliona maandishi ya Kijapani akapita. Tarakimu zake ni zilezile zetu.